Mpaka Mzishi Aseme: Maisha ya Douglas Mugambi, Mhariri wa Jirani

Ndugu kumi mliosimama hapa kaburini kwa kuachiana nafasi, barakoa usoni, na ninyi wengi mnaotutazama kwa simu kutoka Doonside, Nkubu, Machakos na Butembo: habari mtakazozisikia zimehakikiwa. Tunaanza na hilo kwa sababu marehemu mwenyewe angeanza nalo. Kila tarehe imeulizwa kwa mtu anayeijua, kila jina limeandikwa jinsi mwenye jina anavyoliandika, na mdogo wake Muriuki, anayewasomea, ameyarudia haya jikoni kwa sauti mpaka mkewe akamfukuza. Kumwandikia mhariri wasifu kunatia hofu, maana leo ukikosea hayupo wa kukusahihisha.

Douglas Mugambi alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 karibu na Nkubu, Meru, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee M'Ikiara na marehemu Mama Kanana. Mugambi kwa Kimeru ni msemaji. Mdogo wake aliitwa Muriuki, yaani aliyefufuka, na jina hilo tutalihitaji mbele kidogo. Msemaji huyu tangu utotoni alikuwa mtu wa wasiwasi. Mama yake alisimulia kwamba akitumwa dukani kuleta chumvi alifika nusu ya njia, akasimama, akarudi mbio kuuliza kama kweli ilikuwa chumvi au ni sukari. Alichapwa kwa kuchelewa lakini hakuwahi kuleta kitu asichotumwa.

Alisoma shule ya msingi Nkubu na sekondari Meru mjini, akamaliza mwaka 1976. Akafundisha miaka michache bila cheti, kama vijana wengi wa wakati ule. Mwaka 1980 kanisa lilimpatia nafasi katika chuo kidogo cha Mason Fork, jimbo la Nebraska, Marekani. Huko aliukuta mji wenye barabara kuu moja, ghala refu la mahindi, na watu wachache kiasi kwamba mbwa wote walijulikana kwa majina. Mji huo ulikuwa na gazeti lake, Messenger, lililotoka kila Alhamisi, na mhariri wake alikuwa Bi Edna Lindquist, mjane mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Douglas aliingia pale kuomba kazi ya kufagia. Akatoka na kalamu.

Gazeti lile lilimshangaza. Lilikuwa na ukurasa mzima wa nani kamtembelea nani Jumapili, ng'ombe wa nani kazaa mapacha, na nani amerudi kutoka hospitali. Yeye mwenyewe alitokea humo kabla hajaandika neno: "Bwana Douglas Mugambi wa Kenya alikula chakula cha Jumapili kwa familia ya mchungaji, na akaongeza viazi." Alikata kipande kile akakituma nyumbani. Mzee M'Ikiara alizunguka nacho soko la Nkubu mwezi mzima, na watu wakamuuliza kama kweli mtu wa Meru husafiri mpaka Marekani kwenda kula viazi. Mzee hakujali. Mwanawe alikuwa gazetini.

Bi Lindquist alimwachia kanuni mbili, na familia nzima inazijua kwa moyo. Ya kwanza: hakuna mtu anayekufa katika gazeti mpaka mzishi aseme. Mzishi wa mji alikuwa mtu mmoja, mwenye kampuni ya mazishi karibu na posta, na kabla ya kuandika tanzia yoyote lazima umpigie simu. Daktari akisema, bado. Mke akisema, bado. Jirani akija analia, mpe chai, lakini bado. Ya pili: ukikosea, sahihisho linakaa palepale lilipokaa kosa, kwa herufi za ukubwa uleule. Wengine huficha masahihisho chini ya tangazo la matairi. Bi Lindquist alisema huo ni uongo wa pili.

Alirudi Nairobi mwaka 1985 akafanya kazi ya kusahihisha maandishi katika chumba cha habari, na huko alijulikana kwa kuwapigia watu simu kuwauliza majina yao yanaandikwaje. Simu moja kama hiyo ilikwenda kwa muuguzi aliyetajwa katika habari ya chanjo. Jina lilikuwa Jerusha Mbula, wa Machakos. Alipiga mara ya pili kuhakikisha. Alipopiga ya tatu, Jerusha alimwambia, "Jina langu halijabadilika tangu jana. Kama unataka libadilike, kuja uongee na baba yangu." Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1992. Mungu aliwapa mtoto mmoja, Jacky, mwaka 1995.

Mwaka 2006 Jerusha alipata kazi Sydney, nao wakahamia Toongabbie. Douglas alipata kazi katika kiwanda cha uchapaji Blacktown, na mwaka 2009, kwa ruhusa ya mwajiri wake, akaanza kuchapa karatasi moja iliyokunjwa katikati. Aliiita Jirani. Mliokuwapo mnaikumbuka. "Balagizi wa Doonside amepanda lenga-lenga, yaani mchicha, nyuma ya nyumba, na haziuzwi, zinaombwa." "Jacky wa Mugambi amepata leseni ya udereva. Wenye magari Toongabbie wawe macho." Wakenya walilicheka mwanzoni. Wakongo wakauliza kama ni la serikali. Baada ya mwaka mmoja, mtu akikosekana mle analalamika kanisani. Jacky, ambaye husikia Kiswahili vizuri lakini hujibu kwa Kiingereza, alijifunza kukisoma humo, akitafuta kama baba yake amemwaibisha tena.

Messenger nalo liliendelea kuja kwa posta miaka yote hiyo, likiwa limechelewa wiki kadhaa, na Douglas alisoma vifo vya watu wa Mason Fork mezani huku chai ikipoa. Kisha ulikuja ugonjwa wa korona. Mwaka 2020 kiwanda cha Blacktown kilifunga, na katikati ya mwaka huo bahasha ya mwisho ikafika kutoka Nebraska. Mikahawa ilikuwa imefungwa, matangazo yamekauka, gazeti limekufa. Bi Lindquist alikuwa ameshatangulia zamani. Douglas alikaa na toleo lile mapajani. "Sasa mtu akifa Mason Fork," alimwambia Jerusha, "nani atasema?" Swali hilo lilimkaa rohoni. Hakulala vizuri tena, na tunasema hivyo bila kuongeza chumvi.

Ikaja lockdown ya mwaka 2021, na sisi wa magharibi mwa Sydney tukabanwa kuliko wengine. Mtu haendi zaidi ya kilomita tano. Wageni marufuku. Safu ya matembezi ya Jirani ikageuka mtego: watu waliokuwa wakigombania kutajwa sasa walimpigia simu kumsihi asiwataje. Wiki moja aliandika mstari mmoja tu: "Hakuna aliyemtembelea mtu yeyote." Gazeti sasa lilitumwa kwa WhatsApp, na hapo ndipo hatari ilipokuwa, kwani karatasi husubiri Jumapili lakini simu haisubiri mtu.

Mwezi Agosti, Mama Kasoki wa Doonside, aliyetoka Butembo, Kongo, na anayejulikana na wote kwa sauti yake katika kwaya, alilazwa hospitali ya Westmead kwa korona. Hakuna aliyeruhusiwa kumwona. Kila saa watu walimuuliza Douglas habari, na kila mtu alikuwa na uvumi wake. Jumatano tarehe 18 alimpigia Déborah, binti wa Mama Kasoki, aliyekuwa amefungiwa nyumbani na hajalala siku mbili. Déborah alikuwa analia. Alisema, "Mama amepumzika, papa. Aliteseka sana. Walimutosha ile mashini, sasa amepumzika."

Sisi Wakenya tuulizane kwa haki: nani kati yetu angesikia nini? Mtu aliyeteseka, akatolewa mashine, akapumzika. Kwetu neno hilo tunaliandika kwenye misalaba. Douglas alimpa pole, naye Déborah akashukuru, akazima simu, akalala. Douglas akakaa chini. Akaikumbuka kanuni ya kwanza. Lakini ni mzishi gani angempigia katika mji wa mamilioni, na maneno tayari yalikuwa yanatambaa, na alitaka familia ya Butembo isikie kwa heshima badala ya kusikia ovyo. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, wahenga walisema, na siku hiyo msemaji wetu alijikwaa ulimi. Aliandika tanzia nzuri sana. Aliandika kwamba Mama Kasoki alipoimba, hata wanaume wa besi walinyoosha mgongo. Akaituma alasiri, wakati Butembo kunapambazuka.

Jerusha aliporudi kutoka kazini alivua viatu mlangoni, kama alivyofanya siku zote za ugonjwa, akasoma simu yake akiwa bado amesimama.

"Baba Jacky, nani amekuambia?"

"Déborah mwenyewe."

"Alisema mama amekufa?"

"Alisema amepumzika."

Jerusha aliketi kwenye ngazi. "Verdiane wa Bukavu, tunayefanya naye kazi, husema amepumzika kila akitoka kunywa chai," alisema. "Kwao kupumzika ni kupumzika tu, Baba Jacky. Na mgonjwa hutolewa mashine pia akianza kupumua mwenyewe."

Wale wanaomjua Douglas wanajua uso wake ulikuwaje. Alimpigia Déborah, simu imezimwa. Alifuta tanzia; maji yalishamwagika, kwa kuwa ujumbe wa kwanza wa pole kutoka Butembo ulikuwa umeshaingia, ukiwa na picha. Watu walikuwa wamekaa uani. Katikati yao, kwenye kiti, alikuwa Bibi Kyakimwa, mama mzazi wa Mama Kasoki, ajuza mwenye ugonjwa wa moyo, ameshikwa huku na huku. Douglas aliitazama picha ile akasema, "Nitamuua yule bibi kwa herufi." Aliwaandikia kwamba ni kosa. Wakamjibu kwamba wanaelewa uchungu wake na wanamwombea.

Hapo akachukua ufunguo wa gari. Doonside ni mbali kupita kilomita tano, polisi walikuwa barabarani, na mtu huyu hajawahi hata kuvuka taa ya njano. Jerusha alimwambia asubiri, Déborah ataamka. Alijibu kwamba bibi hatasubiri. Aliendesha akisema peke yake atakalomwambia polisi, na hakusimamishwa na mtu. Alisimama bustanini, mbali na mlango, akarusha vijiwe dirishani, mzee wa miaka sitini na mitatu, mpaka Déborah akafungua pazia, macho yamevimba.

"Déborah, mama yu hai?"

"Ndiyo, papa. Nilikuambia. Amepumzika."

Douglas alimweleza habari ya tanzia, na binti yule akapiga yowe, akapiga simu hospitalini, na muuguzi mmoja mwenye huruma akampelekea Mama Kasoki simu kitandani. Mama Kasoki, akiwa na pumzi ya kuazima, alimpigia mama yake kwa video. Uani Butembo watu walikimbia. Bibi Kyakimwa peke yake alibaki kitini, akaisogeza simu machoni akasema, "Kasoki, kama uko huko juu, mbona hujachana nywele?" Moyo wake ulihimili. Yuko nasi leo kwa simu, na tunamsalimu, shikamoo Bibi.

Kesho yake Jirani lilitoka na ukurasa wa kwanza wote, kwa herufi zilezile: MAMA KASOKI YU HAI. KOSA NI LA MHARIRI. Chini yake alieleza neno moja lilivyosikika kwa masikio mawili, na hakumgusa Déborah hata kidogo. Kisha akampigia mdogo wake. "Muriuki," alisema, "toa jina lako, kuna mama Doonside anayelistahili." Alicheka, lakini kicheko kilikatika. Kwa siku nyingi alikuwa akiuliza katikati ya chakula, "Je, bibi angeanguka?" Mama Kasoki alipotoka hospitali alimpigia kumwambia ameisoma tanzia yote na ameitundika ukutani, kwa kuwa akiwa mzima hakuna aliyewahi kumsifu hivyo.

Mwisho wa Agosti Douglas alianza kukohoa. Tarehe 2 Septemba alilazwa Westmead. Watu wameuliza kama alipata ugonjwa ule siku ya Doonside. Jerusha naye ana hofu yake, kwamba aliuleta yeye kutoka kazini pamoja na viatu alivyoviacha mlangoni, na usiku hofu hiyo humwamsha. Mama Jacky, sikia mbele ya watu: hatujui. Na aliyekuoa alitufundisha kutoandika tusichokijua, basi na wewe usikiandike moyoni.

Kabla hajalazwa usingizi wa dawa ili awekewe mashine, waliruhusiwa simu moja. Jacky aliishika, mama yake pembeni, na Muriuki kwenye simu nyingine. Douglas alisema kwa shida. Alimwambia Jerusha jina lake halijabadilika. Alimwambia Jacky jambo lao wawili, na Jacky akamjibu kwa Kiswahili, maneno machache, lakini Kiswahili. Kisha akamgeukia mdogo wake. "Ikifika," alisema, "msiandike nimepumzika. Nikiwa nimepumzika, niamsheni. Nikifa, andikeni nimekufa. Na si mpaka mzishi aseme."

Sasa tuseme jambo linalouma. Jumanne tarehe 14 Septemba, Douglas akiwa hai, picha yake ilisambazwa kwenye simu zetu ikiwa na mshumaa na maneno ya kumuaga. Jerusha alisoma kifo cha mumewe akiwa amesimama sebuleni. Jacky ndiye aliyepiga simu wodini. Muuguzi akasema hapana, yuko, hali ni ileile. Waliokuwa wakituma walikuwa kumi, ishirini, wote wenye upendo, wote bila kumuuliza mtu. Na katikati ya mishumaa ile ikaingia sauti ya Mama Kasoki, bado ana kikohozi, na wote mliisikia:

"Miye nilishakufa mu telefone mara moja. Nani alisema? Jerusha alisema? Mzishi alisema? Kama mzishi hajasema, zimeni mishumaa."

Mishumaa ikafutwa mmoja mmoja. Siku tano nzima hakuna aliyethubutu, na Jerusha anasema siku hizo tano alipewa na Mama Kasoki, kwa sababu aliweza kumngoja mumewe kama mtu anayengoja aliye hai.

Douglas Mugambi alikufa Jumapili tarehe 19 Septemba 2021, alasiri, Westmead, muuguzi amemshika mkono na sauti ya Jerusha ikisikika kwenye simu iliyowekwa sikioni mwake. Waliojua walikuwa watatu, na watatu hao walinyamaza mpaka kesho yake. Kunyamaza kule kulikuwa kugumu kuliko kulia. Simu ziliita, watu wakiuliza hali yake, na Muriuki alijibu kwamba hana la kuandika bado. Jumatatu mzishi alipiga, akataja jina kamili, akauliza linavyoandikwa. Jerusha alimtajia herufi moja moja. Alipofika mwisho alimwomba amsomee tena, kuhakikisha. Jirani likatoka jioni hiyo, na wa kwanza kujibu alikuwa Mama Kasoki: "Sasa naamini. Sasa ninalia."

Marehemu ameacha mke, Jerusha Mbula. Binti, Jacky, ambaye ameomba gazeti lisifungwe na atalihariri yeye, kwa Kiswahili, na atapiga simu. Mdogo wake, Muriuki, na familia yake, wa Toongabbie. Dada yake, Kagendo, wa Nkubu. Na mama mmoja wa Doonside ambaye si wa damu, lakini nafasi ya kumi hapa kaburini amepewa yeye, na amekaa kwenye kiti kwa sababu miguu bado haijampa ruhusa. Mason Fork haina gazeti la kumtangaza, kwa hiyo tumemtangazia hapa: Bwana Douglas Mugambi wa Kenya, aliyeongeza viazi.

Mzishi yuko nyuma yetu, amevua kofia, na amesema. Basi lile neno ambalo kaka alitukataza, sasa tunaruhusiwa kulitumia. Tunalisema kwa Kiswahili cha Nkubu, kwa kuwa amekufa kweli. Na tunalisema kwa Kiswahili cha Mama Kasoki, kwa kuwa kwa Kiswahili hicho, aliyepumzika huamka.

Apumzike.